Friji linatekenya, bomba linapiga shoti: ethi ya nyumba ya zamani itafutwe wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimerithi nyumba ya babu hapa Ngamiani, Tanga, iliyojengwa miaka ya 1950. Kuta ni za mawe, paa la bati. Mwaka huu tumeanza kubadilisha nyaya kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana. Sebule, jiko na bafu vimekwisha, vyumba vya nyuma bado. Fundi ameweka meni swichi mpya yenye RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. Tangu hapo friji linatekenya ukiligusa ukiwa peku, bomba la bafuni linapiga shoti hita ikiwashwa, na RCD inakata ovyo, hasa mvua ikinyesha. Fundi anasema nondo ya ethi (fimbo iliyochimbiwa uani ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) ni mbovu. Anashauri tuitoe RCD, halafu kwenye soketi tuunganishe ethi na nyutro. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, zima breka ya hita ya bafuni leo hii, na isiwashwe tena hadi kazi ikamilike. Maji ya kuoga yachemshwe jikoni. Bomba linalopiga shoti mtu akiwa peku kwenye sakafu iliyolowa linaua, na ile shoti ndogo mnayoisikia sasa inaweza kuwa kubwa siku yoyote bila dalili nyingine.

Fundi wako huenda yuko sahihi kuhusu nondo. Nyumba zilizo juu ya mwamba wa matumbawe husumbua sana hapo, na nitalieleza. Lakini kutoa RCD na kuunganisha ethi na nyutro usikubali hata akikuambia ni kwa siku moja tu.

Nyaya zinazoingia kwako kutoka nguzoni ni mbili: wa moto na nyutro. Ethi huletewi, unaichimbia mwenyewe uani. Nyutro ni waya wa kazi, kwa sababu umeme wa kila balbu na kila pasi unarudi kwa njia hiyo. Ukiufunga kwenye tundu la ethi ndani ya soketi, umeliunganisha bati la friji na waya unaobeba umeme. Mwanzoni mambo yataonekana yametulia, friji halitekenyi na testa haiwaki. Kisha nyutro inalegea au inakatika, kwenye mita au kwenye kishikizo cha nguzoni kilicholiwa na chumvi ya bahari. Umeme ulioingia kupitia taa ya sebuleni unakosa pa kurudia, unapanda kwenye bati la friji ukiwa na karibu volti zote 230. Taa zimezimika, watu wanadhani umeme umekatika, na mtoto anakwenda kufungua friji gizani. Iko pia hatari ya nyaya za nguzoni kurudishwa kwa kupishana baada ya matengenezo, wa moto ukakaa mahali pa nyutro. Hapo kila kifaa cha chuma ndani ya nyumba kinakuwa na moto mara tu umeme unaporudi.

Sasa utaelewa kwa nini ushauri wa kuunganisha nyutro umekuja pamoja na ushauri wa kutoa RCD. RCD inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukiunganisha nyutro na ethi ndani ya nyumba, sehemu ya umeme inarudi kwa njia ya ethi, hesabu haitimii, RCD inakata. Kwa hiyo ili ule muunganiko udumu, RCD lazima iondoke. Mnaondolewa kinga mbili kwa mpigo, na nyumba itaonekana imepona.

Hebu sasa tuifikirie ethi yenyewe. Watu wengi wakisikia ethi wanawaza nondo ya shaba uani. Nondo ni mwisho tu wa safari. Ethi ni njia nzima: kuanzia bati la friji, pini ya plagi, tundu la soketi, waya ukutani, baa ya ethi ndani ya meni swichi (kipande chenye skrubu ambapo nyaya zote za ethi hukutana), waya wa kwenda uani, klampu, nondo, hadi udongo. Ikikatika popote, kila kilicho nyuma ya pale kimebaki hewani.

Tena ethi iliyokatika karibu na nondo ina ubaya wa pekee. Vifaa vyote bado vimeunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe kupitia baa ya ethi, ila havifiki ardhini. Hita ikivuja, umeme wake unasambaa kwenye friji, kwenye jiko, kwenye kompyuta. Unapigwa na friji kumbe friji halina kosa. Ndiyo maana ningependa kujua: je, friji linatekenya wakati wote, au linazidi hita ikiwashwa? Kama linazidi hita ikiwaka, mvujo uko kwenye hita, na ethi yako imekatika baada ya baa. Kama linatekenya hata vifaa vingine vyote vimechomolewa, anza kulichunguza friji lenyewe na soketi yake.

Kuna pia mtekenyo usiotokana na ubovu wa kifaa. Kompyuta, televisheni na majokofu mengi ya kisasa yana kichujio chenye vikapasita viwili vidogo, kimoja kutoka waya wa moto na kingine kutoka nyutro, vyote vikiishia kwenye bati. Ethi ikikosekana, bati linakaa katikati, kama volti 115, ila umeme wenyewe ni mdogo mno. Unausikia ukipitisha mgongo wa mkono. Hautakuua, lakini unakupa ushahidi kwamba ethi haifiki pale.

Utauliza: kama ethi ni mbovu na hita inavuja, mbona RCD haikati watu wanapopigwa? Kwa sababu mwili unaanza kuhisi umeme kwenye miliampia moja hivi, na misuli inaanza kukamata, mtu asiweze kuachia, kwenye miliampia 10 na kuendelea. RCD ya nyumbani kwa kawaida ni ya miliampia 30. Katikati hapo unaumia na kifaa kinatulia. Ethi ikiwa nzima, mvujo unapita kwenye waya muda wote na RCD inakata kabla hujagusa kitu. Ethi ikikosekana, RCD inasubiri mwili wako uwe ndio njia. Vilevile, hakikisheni hita yenyewe imepitia kwenye RCD. Nimeona bodi nyingi ambazo hita imefungwa kwenye breka iliyo upande wa kabla ya RCD, eti ili isikatekate.

Nondo peke yake nayo haitoshi, hata ikiwa nzuri, na hili mafundi wengi wa zamani hawalikubali. Piga hesabu. Tuseme nondo yako ina ukinzani (kiasi inachozuia umeme kupita) wa omu 60, ambao si mbaya kwa nondo moja, na ethi ya transfoma ina omu 5. Waya wa moto ukigusa bati la friji moja kwa moja, umeme utakaopita ardhini ni 230 gawanya kwa 65, yaani ampia 3.5. Breka ya ampia 20 aina ya C inataka kati ya ampia 100 na 200 ili iruke papo hapo. Hizo 3.5 haizioni kabisa. Bati la friji litakaa na zaidi ya volti 200 wiki nzima, na mita yako ya LUKU itakuwa inapeleka karibu wati 800 kwenye udongo, karibu uniti 19 kwa siku. Kwenye nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe, kinachokata umeme ni RCD. Nondo na RCD ni lazima ziwe pamoja.

Usidanganywe na kile kitufe cha T. Kukibonyeza kunaonyesha tu kwamba mtambo wa ndani wa RCD unaruka, kwani kinatengeneza mvujo wa bandia humo humo ndani. Kitaruka vizuri hata kama nyumba haina nondo kabisa. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, lakini usikitumie kama kipimo cha ethi.

Tuje kwenye kutafuta ubovu. Vipimo vingi ninavyovieleza ni vya fundi, wewe simama uangalie na uandike namba. Na karibu vyote vinafanyika umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi.

Cha kwanza ni kupima kama njia ya ethi imeendelea bila kukatika. Umeme ukishazimwa na kuhakikishwa kuwa hakuna, fundi anafungua waya wa nondo kwenye baa, anachukua waya mrefu wa singo, anafunga ncha moja kwenye baa ya ethi na nyingine kwenye multimita iliyowekwa kwenye omu. Kwanza anagusanisha ncha ili ajue ukinzani wa ule waya wenyewe aupunguze. Kisha anazunguka soketi moja moja akigusa tundu la ethi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 20 una omu 0.15 tu. Kwa hiyo soketi nzima itasoma chini ya omu moja, na mara nyingi chini ya nusu. Ikisoma omu 8, au namba inayopanda na kushuka plagi ikitikiswa, hapo pana kiungo kilicholegea. Isiposoma kitu, waya haujafika.

Kwenye nyumba iliyobadilishwa nusu, kiungo kibovu karibu kila mara kiko mahali kipya kilipokutana na cha zamani. Nyumba za miaka ile nyaya zake zilipitishwa kwenye paipu za chuma, na paipu yenyewe ndiyo ilikuwa ethi, hapakuwa na waya wa kijani ndani yake. Mafundi wa leo wanakata kipande cha paipu kilichooza, wanaweka cha plastiki, nyaya mbili zinapita vizuri, taa inawaka. Ethi imekatika pale pale na hakuna aliyejua. Hata pasipoguswa, baada ya miaka sabini kando ya bahari viungo vya paipu vinashika kutu ndani ya ukuta. Usiitegemee tena paipu ya chuma kuwa ethi. Vuta waya mpya wa kijani na njano kwenye kila njia, yaani kila seti ya nyaya inayotoka kwenye breka moja.

Jambo kama hilo hutokea kwenye bomba la maji. Zamani waya wa ethi ulifungwa kwenye bomba la chuma linalotoka barabarani, na ilikuwa ethi nzuri kweli, kwa kuwa bomba lilizikwa mamia ya mita. Bomba la chuma likibadilishwa kuwa la plastiki, ethi inapotea siku hiyo hiyo. Angalia kwenye ukuta wa nje, karibu na bomba linapoingilia: ukikuta klampu ya zamani iliyofunikwa na ukungu wa kijani wa shaba ikiwa na waya uliopakwa rangi mara tano pamoja na ukuta, huko ndiko ethi ya babu ilikokuwa. Na kama hilo bomba la chuma bado liko ndani ya nyumba, lisiachwe peke yake. Liunganishwe kwenye baa ya ethi kwa waya wa milimita za mraba 10, kusudi bomba, hita na kila chuma unachoweza kukigusa bafuni vibaki kwenye volti zilezile hata mvujo ukitokea. Ukiwa umeshika bomba na shawa kwa pamoja na vyote vina volti moja, umeme hauna sababu ya kukupitia.

Fungueni pia soketi mpya mtazame nyuma. Mara nyingi nakuta ethi imesokotwa na kuzungushiwa tepu, wakati skrubu ya ethi ipo na iko wazi. Angalia na tabia za wenye nyumba. Ile ya kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie inapanua ulimi wa shaba ulioko ndani, na baadaye pini ya ethi ya friji inaingia bila kugusa kitu. Soketi iliyofanyiwa hivyo ibadilishwe.

Rangi za nyaya nazo zina mtego. Mfumo wa Kiingereza wa zamani ulikuwa mwekundu kwa moto, mweusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Wa sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Uingereza yenyewe ilihamia huko kwa nyaya za ukutani mwaka 2004. Nyumba yako itakuwa na zote mbili, na kwenye umeme wa njia tatu wa mfumo mpya mweusi ni waya wa moto. Fundi asiiamini rangi kamwe, apime.

Njia ya ethi ikiwa nzima hadi kwenye baa, ndipo nondo ichunguzwe. Fukueni kichwa chake. Klampu ikiwa imelegea au imeliwa na chumvi, ifunguliwe, isuguliwe hadi shaba ing'ae, irudishwe au ibadilishwe. Kisha nondo ipimwe kwa kipimo chake, kile chenye misumari miwili ya kupigilia ardhini: wa mbali unapeleka umeme wa kupimia, wa katikati unawekwa kwenye asilimia 62 ya umbali huo. Wakati waya wa nondo umefunguliwa, meni swichi ibaki imezimwa. Hili halina mjadala.

Nondo ya kawaida ya mita 1.5 na unene wa milimita 16, kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, inaweza kutoa omu 20 hivi. Nondo hiyo hiyo kwenye mchanga mkavu au mwamba wa matumbawe inaweza kusoma omu 600. Kwa RCD ya miliampia 30, hesabu ya kuzuia bati lisizidi volti 50 inaruhusu hadi omu 1,667, lakini nondo ya namna hiyo haiaminiki, kiangazi kikija inapanda isikojulikana. Lengeni chini ya omu 200 kama kiwango cha mwisho kabisa, na chini zaidi inapowezekana. Mkaguzi akidai namba ndogo kuliko hiyo, ifuateni ya kwake.

Kwenye ardhi ya mawe yapo mazoea ambayo lazima uyajue. Nondo ikipigwa nyundo na kugota jiwe, wapo wanaoikata kwa msumeno na kuacha kichwa kizuri kikichungulia. Unaona nondo, kumbe ni nusu mita. Mwulize fundi kwa upole imeingia kiasi gani, au ichimbuliwe. Dawa si nondo nene, kwani ukiongeza unene mara mbili ukinzani unashuka kama asilimia 12 tu. Urefu ndio unaosaidia: ukizidisha mara mbili, unashuka karibu nusu. Mwamba ukikataa, chimbeni mtaro wa kina cha sentimita 60 au zaidi na urefu wa mita kadhaa upande ambao maji ya mvua ya paa yanatua, mlaze humo waya mtupu mnene wa shaba au utepe wa shaba, mrudishie udongo laini, si kokoto. Au pigeni nondo mbili au tatu mahali panapokubali, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wake, ziunganishwe. Zikibanana zinagombania udongo uleule.

Chumvi na mkaa sizipendi. Chumvi inashusha ukinzani kwa muda, inasombwa na masika, na inakula shaba na klampu. Kama udongo unahitaji kusaidiwa, tumieni udongo wa bentonaiti unaoshika maji. Waya kutoka baa hadi kwenye nondo uwe wa milimita za mraba 16 wenye ganda la kijani na njano, mahali unapopita wazi ukingwe kwa paipu, na kichwa cha nondo kiwe ndani ya chemba yenye kifuniko ili kiweze kukaguliwa.

Sasa RCD inayokata mvua ikinyesha. Hapa nakuomba uchukue muda, maana huenda nyumba inakuambia jambo kubwa kuliko bafu. Vyumba vya nyuma bado vina nyaya za babu, na kwa umri huo huenda ni zile zilizovikwa mpira na kitambaa cha pamba. Panda darini kwa tochi, umeme umezimwa, uangalie zinapopita kwenye kenchi. Ukikunja kidogo ncha ya waya wa namna hiyo, ganda linapasuka na kumwaga unga mweusi, shaba inabaki wazi. Tatizo la kubadilisha nyumba nusu nusu ni kwamba kila fundi anapovuta waya mpya anatikisa wa zamani, na mpira uliokuwa umeshikilia kwa kutoguswa unaanguka. Juu yake kuna bati. Mvua ikivuja, waya unagusana na kenchi iliyolowa au na bati lenyewe, na umeme unashuka ukutani. RCD inaukata. Usiikasirikie, imefanya kazi yake.

Na bati la paa likiingiwa na umeme, jicho liende kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kama ni ya waya na imefungwa kwenye paa au kwenye nguzo ya chuma ya kibaraza, iondoeni leo, mfunge ya katani au plastiki. Watu wamekufa wakianika kanga kwa sababu hiyo.

Kujua ni njia ipi inayovuja, chomoeni vifaa vyote kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. RCD ikikaa, rudisheni kimoja kimoja. Hita na majiko yenye elementi ndio watuhumiwa wa kwanza, kwa kuwa elementi iliyopasuka inanyonya unyevu. RCD ikiendelea kukata huku vyote vimechomolewa, zimeni breka zote, washeni RCD, mpandishe breka moja moja. Hapa ndipo wengi wanapokwama: breka ya kawaida inakata waya wa moto tu. Kama ni nyutro inayogusa ethi au ukuta uliolowa, itaendelea kuikorofisha RCD hata breka ya njia hiyo ikiwa chini, na itakata pale tu mzigo unapowashwa mahali pengine. Fundi azime meni, afungue nyutro za njia zote kwenye baa yake, kisha kila njia aipime peke yake kwa mega ya volti 500 (kipimo cha uzima wa ganda la waya), moto na nyutro kwa pamoja dhidi ya ethi. Vifaa vya kielektroniki viwe vimechomolewa, maana mega itaviua. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Waya mpya mzuri unasoma mamia. Njia inayosoma 0.1 imekwisha, haitengenezeki, ibadilishwe.

Iko sababu nyingine inayofanana na hiyo, nayo ni nyutro ya kuazima. Fundi wa zamani alitaka taa ya korido, akachukua moto kwenye njia moja na nyutro kwenye njia ya jirani kwa sababu ilikuwa karibu. Enzi za fyuzi hakuna aliyejali. Siku hizi, ikiwa njia moja imepita kwenye RCD na nyingine haijapita, au kila moja ina RCD yake, ukiwasha ile taa tu umeme wote unakata. Kila njia irudishiwe nyutro yake.

Tahadhari moja ya vipimo. Multimita ya dijitali ikiwekwa kati ya moto na waya wa ethi usiofungwa popote inaweza kuonyesha volti 90 au 110, ukadhani ethi ipo nusu. Ni volti za kivuli, zinatoka kwenye nyaya zilizolala pamoja ukutani. Nayo testa ya bisibisi inawaka kwa umeme kidogo sana, haikuambii kama ni hatari au mtekenyo. Wapo wanaopima kwa balbu kati ya moto na ethi. Usifanye hivyo nyumbani kwako: RCD nzima itakata, na kama RCD imeondolewa na ethi imekatika, balbu inapitisha moto kwenye kila bati la nyumba wakati watu wanaendelea na shughuli zao. Fundi mwenye kipimo cha mzunguko wa hitilafu anapata jibu kwa sekunde chache bila kuwaweka watu hatarini.

Vyumba vya nyuma, ushauri wangu ni kuvikata kabisa kwenye meni hadi zamu yake ifike. Najua ni usumbufu, na najua pesa haitoshi. Lakini njia moja mpya ya muda, imepitishwa juu ya ukuta kwenye paipu ya plastiki, yenye taa na soketi moja kwa kila chumba pamoja na ethi yake, itagharimu kidogo kuliko kuendelea kuuamini ule mpira. Msiweke soketi ya matundu matatu kwenye nyaya mbili za zamani. Mgeni atachomeka pasi akiamini ethi ipo.

Mfuatano wa matumizi ya pesa uwe huu: ethi na nondo kwanza, kisha hita na bafu, kisha vyumba vya nyuma, soketi za kupendeza baadaye. Pesa ikiruhusu, gawanyeni RCD ziwe mbili au kila njia iwe na yake, ili hita ikivuja usiku friji na taa zisizimike.

Kwa kazi hii tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na yule wa sasa akiwa hana, anaweza kufanya kazi chini ya mwenye leseni. Usimfukuze kwa hasira, anaijua nyumba yako. Mwombe akuandikie kwenye karatasi namba nne: ukinzani wa nondo, omu za ethi kwenye kila soketi, megaomu za kila njia, na muda RCD inaochukua kukata ikipimwa kwa kifaa. Kwa miliampia 30 isizidi milisekunde 300. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango wa meni swichi. Nondo ipimwe tena Februari, kabla masika hayajaanza, maana namba mtakayoipata sasa mvua zikinyesha ni nzuri kuliko ile ya kiangazi.

Ukishajua kama friji linazidi kutekenya wakati hita inawaka, niandikie. Usiiwashe hita ili kujaribu. Waulize walioko nyumbani wanakumbuka nini.